Namna ya Kwenda Kuangalia Maua ya Sakura Katika Kiwanda cha Sarafu cha Osaka: Mwongozo kwa Msafiri Anayetoka Zanzibar

Kila mwaka ifikapo mwezi wa Aprili, kwa muda wa wiki moja tu, Japan Mint, ambacho ndicho kiwanda kinachofua sarafu za serikali ya Japani, hufungua lango la makao yake makuu yaliyopo katika jiji la Osaka na kuwaruhusu wananchi na wageni kupita bure chini ya miti ya sakura, yaani micheri ya Kijapani, iliyopandwa kandokando ya njia yake ya ndani. Njia hiyo ina urefu wa mita 560 na imefuata ukingo wa mto Okawa. Miti yake ni zaidi ya 300 na aina zake zinakaribia 140, idadi ambayo ni nadra kuikuta imekusanywa katika kipande kidogo cha ardhi kiasi hicho. Mwongozo huu umekusudiwa Mzanzibari ambaye tayari ana sababu ya kuwepo Japani katika majira hayo: mwanafunzi wa udhamini, mtumishi wa SMZ aliyepangiwa mafunzo katika kituo cha JICA, shirika la misaada ya maendeleo la Japani, kilichopo Kobe, mfanyabiashara anayefuata magari yaliyotumika na vipuri vyake, au jamaa anayekwenda kumtembelea mmoja wa hao. Kununua tiketi ya ndege kwa ajili ya wiki hii peke yake ni jambo ambalo sitamshauri mtu, kwa sababu tarehe zake hubadilika na nauli ni kubwa. Lakini aliyekuwepo Japani katika mwezi wa Aprili na akaacha kupita hapo atakuwa amejinyima.

Wengi wetu huingia katika viwanja vya ofisi za serikali tukiwa na faili kwapani na shida ya kufuatilia, kwa hivyo wazo la kwenda huko kuangalia maua huenda likaonekana geni. Kwa watu wa Osaka hiyo ni ada ya zamani. Kiwanda kilifunguliwa mwaka 1871, kikitumia mashine zilizonunuliwa kutoka kiwanda cha sarafu cha Hong Kong ambacho kilikuwa kimefungwa miaka michache kabla, na miti ya sakura iliyokuwepo katika eneo lile iliendelea kutunzwa na kuongezwa. Mwaka 1883 mkurugenzi wa wakati huo, Endo Kinsuke, aliona si haki maua mazuri kiasi hicho yakaangaliwa na wafanyakazi peke yao, akaamuru wananchi wafunguliwe njia. Bwana huyu hakuwa mtu wa kawaida: alikuwa mmoja wa vijana watano wa jimbo la Choshu waliotoroka kwa siri mwaka 1863 kwenda kusoma London, wakati ambapo Mjapani kutoka nje ya nchi bila ya ruhusa kulikuwa ni kosa la kuuawa. Ada aliyoianzisha ilikatika wakati wa Vita Vikuu vya Pili, ambapo miti mingi iliteketea, ikarejea mwaka 1947, na ikasimama tena mwaka 2020 kwa sababu ya UVIKO-19. Wenyewe huiita Sakura no Toorinuke, na inafaa kulishika jina hilo kwa kuwa ndilo litakalokufikisha kwenye matangazo sahihi unapotafuta katika intaneti.

Kuielewa tarehe kabla ya kuipanga

Kosa linalowapata wageni wengi ni kudhani kwamba sakura zote huchanua pamoja. Aina iliyoenea kuliko zote katika bustani na kando ya mito ya Japani ni Somei Yoshino, yenye maua meupe yaliyochanganyika na waridi hafifu na petali tano. Miti ya aina hiyo yote imezalishwa kwa kupandikizwa kutoka asili moja, na ndiyo sababu katika mtaa mmoja huchanua kwa pamoja na kupukutika kwa pamoja. Katika Osaka jambo hilo hutokea kati ya mwisho wa Machi na mwanzo wa Aprili, na Idara ya Hali ya Hewa ya Japani hutangaza rasmi kufunguka kwa maua baada ya kuukagua mti maalumu wa mfano, ambao kwa Osaka upo katika bustani ya Nishinomaru ndani ya eneo la Kasri la Osaka. Wakati huo mgeni akienda kwenye kiwanda cha sarafu atalikuta lango limefungwa.

Miti ya kiwandani kwa sehemu kubwa ni ya jamii inayoitwa yaezakura, ambayo maua yake yana petali nyingi zilizopandana na ambayo huchelewa kuchanua kwa wiki moja hadi mbili baada ya Somei Yoshino. Hivyo wiki ya kufunguliwa lango huangukia baina ya siku za mwanzo za Aprili na karibu na tarehe 20, na haiwi tarehe zile zile kila mwaka, kwa sababu wenye kiwanda huipanga kwa kuangalia makadirio ya uchanuaji. Majira ya baridi yakiwa makali na machipuko yakaja na joto la haraka, maua huwahi. Machipuko yakiwa ya baridi, huchelewa. Mti wa sakura unahitaji kipindi kirefu cha baridi ili machipukizi yake yaamke kutoka usingizini, nao mwili wetu wa kisiwani haujawahi kukutana na baridi ya namna hiyo, sembuse udongo wetu. Anayefikiria kurudi na mche ili aupande Bububu au Wete aiache fikra hiyo mapema, mbali na kwamba kusafirisha mimea bila ya vibali vya karantini ni kosa kule na huku.

Basi utaratibu wa busara ni huu. Kama ratiba yako inakuruhusu kuchagua, jipange uwe katika eneo la Osaka, Kobe au Kyoto kuanzia tarehe 5 Aprili kwa siku kumi au zaidi. Tangu lango lilipofunguliwa tena baada ya maradhi yale, kuingia kumekuwa kwa kujiandikisha kabla kupitia tovuti ya kiwanda, kwa siku na saa maalumu, bila ya malipo. Kwa hivyo kuanzia mwezi wa Machi uwe unaipitia tovuti hiyo kila baada ya siku mbili tatu, na mara tarehe zitakapotangazwa usichelewe, kwa kuwa nafasi za Jumamosi na Jumapili ndizo zinazokwisha mwanzo. Siku za kazi, hasa asubuhi, ndizo bora kwa kila hali: watu wachache, mwanga mzuri, na wazee wa Kijapani wanaokwenda taratibu na ambao hawatakusukuma.

Kwa mtu wa Zanzibar mwezi huo una manufaa ya ziada. Aprili kwetu ni masika, watalii hupungua, hoteli nyengine za mashamba hufunga milango yake, na wafanyakazi wa sekta hiyo hupewa likizo ambayo katika Julai au Disemba hawaioti. Sikukuu za Karume Day tarehe 7 Aprili na Muungano tarehe 26 Aprili nazo zinaweza kuunganishwa na siku za likizo kwa mtumishi wa serikali anayejua kuhesabu. Zaidi ya hayo, mwezi wa Ramadhani, ambao mwaka 2022 na 2023 uliiangukia Aprili, sasa umesharudi nyuma hadi Februari na Machi, na kwa miaka mingi ijayo utakuwa mbali na msimu huu.

Viza, mizigo na mengineyo ya kabla ya safari

Mtanzania anahitaji viza ya kuingia Japani, na ubalozi wa Japani upo Dar es Salaam. Aliyepo Unguja au Pemba ahesabu muda wa kuvuka na kurudi, na aombe mapema, kwa sababu ubalozi hutaka kuona ratiba ya safari, uthibitisho wa uwezo wa fedha au barua ya mwenyeji, na pasipoti yenye muda wa kutosha. Anayekwenda kwa mafunzo au masomo hushughulikiwa na wanaompeleka, hivyo kwake hili si la kumsumbua. Ndege za moja kwa moja kutoka Kisauni hadi Osaka hazipo; wengi hupitia Doha, Dubai au Addis Ababa.

Kuhusu nguo, joto la mchana katika wiki hizo hufika kama nyuzi 20 na usiku hushuka mpaka karibu nyuzi 10. Wajapani huiona hiyo ni hali ya kuvua makoti, lakini mtu aliyetoka kwenye joto la Darajani atataka sweta na jaketi la kuzuia upepo, na upepo wa mtoni wakati wa jioni haumwonei mtu huruma. Buibui au kanzu havina tatizo lolote, alimradi chini yake pawe na nguo nzito na viatu viwe vya kufunika mguu. Chaja zetu za pini tatu hazitaingia ukutani, kwani plagi za Japani ni za pini mbili bapa na umeme wake ni volti 100. Chaja za simu huukubali umeme huo, ila pasi na birika ulizobeba kutoka nyumbani ziache zilipo. Jambo moja linalopuuzwa ni dawa: baadhi ya dawa za mafua zenye pseudoefedrini nyingi na dawa za kikohozi zenye kodeini zimepigwa marufuku au zina kikomo nchini humo, kwa hiyo anayesafiri na dawa asome kilichoandikwa katika boksi kabla ya kuzitia mkobani. Mwenye pumu asisahau pampu yake, kwani machipuko ni msimu wa chavua za miti ya misitu, na hao Wajapani unaowaona wamevaa barakoa barabarani wengi wao wanajikinga nazo.

Siku yenyewe

Soma saa ya tiketi yako kwa makini, kwa sababu imeandikwa kwa hesabu ya kuanzia usiku wa manane. Ikiwa imeandikwa 10:00, makusudio ni saa nne asubuhi. Ikiwa 15:00, ni saa tisa alasiri. Kwa kuwa Japani iko mbele yetu kwa saa sita kamili, kuna sadfa moja ya kufurahisha: tarakimu inayoonekana kwenye saa ya ukutani ya Osaka ndiyo saa ya nyumbani kwa hesabu yetu ya Kiswahili. Saa ya kituoni ikionyesha kumi asubuhi, Unguja ni saa kumi ya alfajiri, na ni mapema mno kumpigia mama simu. Ikionyesha tatu mchana, nyumbani ni saa tatu asubuhi, watu wameshakunywa chai.

Kituo cha treni kinachofaa ni Temmabashi, kinachofikiwa kwa njia ya reli ya Keihan na kwa treni ya chini ya ardhi ya njia ya Tanimachi. Anayetoka Kobe anaweza pia kushuka Osaka-Temmangu kwa reli ya JR. Kutoka Temmabashi unavuka daraja lenye jina hilo hilo kuelekea kaskazini, kisha unakata mkono wa kulia na kuufuata mto hadi lango la kusini; ni mwendo wa kama robo saa kwa miguu, na katika wiki hiyo huhitaji kuuliza, kwa sababu utafuata umati. Lango la kusini ni la kuingilia na la kaskazini, upande wa daraja la Sakuranomiya, ni la kutokea. Njia ni ya upande mmoja: ukishapita mti huwezi kugeuka na kuurudia, na kwa kuwa tiketi ni ya mara moja, namna utakavyokwenda humo ndani ndiyo itakayoamua umeona nini.

Hapa ndipo ninapotaka msomaji anisikilize kidogo, kwa sababu watu wengi hupita mita zile 560 kwa dakika kumi na tano, wameinua simu juu muda wote, na wakitoka nje hawawezi kukuambia tofauti ya mti mmoja na mwengine. Katika bustani za kawaida za Japani uzuri unatokana na wingi wa maua ya aina moja, kama wingu lililoshuka, na huko inatosha kusimama mbali na kutazama. Kiwandani mambo ni kinyume chake. Uzuri wa hapo uko katika tofauti, na kila mti umewekewa kibao chenye jina na maelezo ya aina yake. Hivyo nenda kwa mwendo wa mtu anayekagua shamba, mti baada ya mti, ukikaa ukingoni mwa njia ili wenye haraka wakupite.

Uangalie kwanza idadi ya petali. Utaanza kuona maua ya petali tano, kisha ya petali ishirini au thelathini kama vile Kanzan, ambayo ni ya rangi ya waridi iliyokolea na ndiyo iliyosambaa sana hata nje ya Japani, halafu utafika kwenye aina za kikuzakura ambazo ua moja huwa na petali zaidi ya mia moja na hufanana na kifundo cha nyuzi. Pili, angalia rangi, kwa sababu wengi huja wakidhani sakura ni nyeupe au waridi tu. Mti unaoitwa Ukon una maua ya manjano mpauko yenye kuelekea ukijani, na Gyoiko una maua ya kijani kabisa yenye mistari, ambayo mtu asiyejua anaweza kuyapita akidhani ni majani machanga. Maua ya Ukon yakikaribia kumaliza muda wake huingia wekundu katikati; kwa hiyo anayekwenda siku ya kwanza ya wiki na anayekwenda siku ya mwisho hawaoni mti mmoja. Tatu, chungulia ndani ya ua. Katika aina ya Ichiyo na ya Fugenzo, pale ambapo pangekuwa na sehemu ya uke ya ua, pametoka kijani kinachofanana na jani dogo lililokunjwa. Nne, tafuta zile zinazoitwa Otemari, Kotemari na Benitemari, ambazo maua yake hujikusanya kwenye ncha za matawi yakawa mviringo kama mpira. Hizo ni fahari ya kiwanda hiki, na mbele yake ndipo foleni inapoganda. Kila mwaka pia wenye kiwanda huchagua aina moja na kuitangaza kuwa ndiyo ua la mwaka huo, na kuijua mapema kutakusaidia usiipite.

Mtu wa Pemba atakuwa na kazi ya ziada ya kulirekebisha jicho lake. Sisi tumelelewa kuuangalia mkarafuu kwa wasiwasi: tumba linapoanza kuiva na kuwa jekundu ni lazima lichumwe, na karafuu iliyochanua mtini ni mali iliyopotea. Kusimama mbele ya mti uliochanua wote, ambao hakuna atakayeuchuma na ambao hautatoa tunda la kuuzwa, na kukuta maelfu ya watu wamechukua ruhusa kazini kwa ajili hiyo, kunahitaji dakika chache za kuzoea.

Masharti ya njiani ni machache na yanafuatwa kwa ukali. Hakuna kula wala kunywa, hakuna kuvuta sigara, hakuna baiskeli wala mnyama, na stendi ya kamera ya miguu mitatu hairuhusiwi. Aliyekuja na mkeka, sufuria ya pilau na birika la chai, kama tunavyofanya siku ya pili ya sikukuu, atakuta hapana pa kutandika. Wajapani wenyewe hula na kukaa chini ya miti katika bustani za umma, lakini kiwandani ni kupita tu. Usiguse tawi, usilivute lije kwenye uso wako kwa ajili ya picha, na usiokote hata ua lililoanguka likiwa bado limeshikana na kijiti, kwa sababu mlinzi atakayekuona hatajua kama umeliokota au umelichuma. Takataka zako rudi nazo: mapipa ya taka mitaani Japani ni adimu, na kila mtu hubeba mfuko wake mdogo. Mwenye gari la mtoto au kiti cha magurudumu anapita bila ya shida kubwa, kwani njia ni tambarare, ila achague asubuhi ya siku ya kazi.

Juu ya suala la picha, sisi tuliozoea kwamba Ikulu na kambi za jeshi hazipigwi picha huwa tunasita tunapoona ukuta wa serikali. Maua unaruhusiwa kuyapiga picha na kila mtu anafanya hivyo. Adabu inayotakiwa ni kutosimama katikati ya njia, kutoziba kibao cha jina la mti kwa mgongo wako, na kutopiga picha za nyuso za watu, hasa watoto, bila ya kuwaomba.

Ukiweza kupata nafasi ya jioni utayaona maua chini ya taa zinazowashwa kiza kikiingia. Wengi husifia hali hiyo, na kwa hakika ni nzuri. Lakini taa hubadilisha rangi, na zile aina za kijani na manjano nilizozitaja hupoteza sifa yake yote. Kwa anayeingia mara moja tu, mimi ningechagua asubuhi.

Sala na chakula

Katikati ya Aprili jua huzama Osaka karibu na saa kumi na mbili na nusu jioni, karibu sawa na kwetu, na adhuhuri huingia saa sita kamili ya mchana au dakika chache baada yake. Njiani kwenye maua hapana mahali pa kusalia wala pa kutawadhia, kwa hiyo ingia na udhu uliouchukua hotelini, na upange uwe umetoka kabla wakati haujakubana. Mwenye nafasi ya jioni ajue kwamba magharibi itamkuta humo humo. Vyoo vingi vya Japani vina bomba la maji ndani yake, jambo ambalo litampunguzia Muislamu wasiwasi mkubwa alioondoka nao nyumbani. Kibla nacho kinataka uangalifu: Zanzibar tumezoea kuelekea kaskazini takriban moja kwa moja, ilhali Osaka kibla kipo magharibi, kimeinama kidogo kuelekea kaskazini. Misikiti ipo, ukiwemo wa Istiqlal katika wilaya ya Nishinari, na kwa anayekaa Kobe upo msikiti wa kwanza kujengwa Japani, uliofunguliwa mwaka 1935. Kuhusu kukusuru na kukusanya sala, mwanafunzi au mtumishi aliyekwenda kwa miezi kadhaa hukumu yake si ya mpita njia wa siku mbili. Amuulize sheikh wake kabla ya kuondoka.

Vibanda vya chakula vinavyopangwa nje ya kiwanda na kando ya mto vina harufu ya kumvuta mtu, na mara nyingi kitakachokusimamisha ni takoyaki, vidonge vya unga vyenye kipande cha pweza ndani, ambavyo Osaka inajivunia. Pweza hana tatizo, na aliyezoea pweza wa Forodhani atataka kujaribu. Tatizo liko kwenye mchuzi unaomwagiwa juu na supu iliyokandia unga, ambavyo huenda vikawa na dondoo ya nyama au pombe. Uliza kabla, na ukiona muuzaji hakuelewi, acha. Neno la kumtambua nguruwe ni buta, na la pombe ya mchele ni sake, ambayo pamoja na mirin, pombe tamu ya kupikia, hutiwa katika vyakula vingi ambavyo kwa macho havina dalili yake. Mikahawa ya halali ipo Osaka na inaongezeka, lakini haipo mlangoni mwa kiwanda, kwa hiyo ni bora uwe umekula kabla au umechukua maandazi yako ya kula baadaye bustanini.

Baada ya kutoka lango la kaskazini

Usirudi kituoni papo hapo. Kingo za Okawa kuanzia hapo zimo katika bustani ya Kema Sakuranomiya, yenye maelfu ya miti ya Somei Yoshino. Hiyo itakuwa imeshapukutisha maua, lakini petali zake huelea mtoni na vivuli vyake ni mahali pazuri pa kukaa na kula, na hapa mkeka unaruhusiwa. Maboti ya abiria hupita mtoni humo kwa anayependa kuutazama mji akiwa majini, na Kasri la Osaka si mbali kwa anayeweza kutembea. Jumba la makumbusho la kiwanda, lililomo katika jengo la matofali la mwaka 1911, lipangie siku nyengine nje ya wiki ya maua, wakati ambapo utaweza kuziangalia sarafu bila ya msongamano.

Kwa anayetaka ukumbusho, kiwanda huuza medali za msimu wa maua na seti za sarafu, ambazo hupendwa na wakusanyaji na bei yake si ya mchezo. Asiye na fedha za kutumia hivyo aangalie chenji yake: sarafu ya yeni 100, inayofuliwa na kiwanda hiki hiki, ina maua ya sakura upande mmoja, na kuichukua nyumbani hakuhitaji kibali cha mtu.

Ikiwa nafasi za Osaka zimekwisha kabla hujajiandikisha, Japan Mint ina tawi katika jiji la Hiroshima, wilaya ya Saeki, ambalo nalo hufungua viwanja vyake kwa wananchi katika msimu huo huo chini ya jina la Hana no Mawarimichi. Miti yake ni michache kuliko ya Osaka na umati ni mdogo zaidi, na kutoka Osaka hadi Hiroshima kwa treni ya kasi ni kama saa moja na nusu. Masharti ya kuingia yaangalie katika tovuti hiyo hiyo.